Udogo au uzito? Kabla hujanunua tableti ya bei ya chini

Shule zikikaribia kufunguliwa, magrupu ya WhatsApp ya wazazi wa Mombasa hupokea tangazo ambalo karibu kila mara ni lile lile. Picha ya tableti ya rangi ya samawati, kando yake kalamu, kibodi, kava na vipokea sauti vya masikioni. Chini yake maandishi ya kupiga kelele: RAM 12GB, hifadhi 512GB, Android 14, betri 10,000, shilingi 8,500 tu, unaletewa hadi mlangoni kuanzia Likoni mpaka Mtwapa. Halafu maswali yanaanza. Ni orijino? Inaingia laini? Ni bora kuliko simu niliyo nayo? Mmoja anajibu kwamba mwanawe anaitumia mwaka wa pili na haina shida. Mwingine anasema yake ilizima mwezi wa kwanza. Wa tatu anatuma nambari ya duka la binamu yake.

Maswali mawili ya mwanzo yana majibu mafupi na tutayafikia. La tatu ndilo linalowala watu pesa, kwa sababu linaulizwa kana kwamba simu na tableti ziko kwenye ngazi moja, simu chini, tableti juu, na anayenunua tableti amepanda. Sivyo.

Tuanze na maana. Tableti, au kishikwambi kama magazeti yanavyoandika, ni kifaa kinachoendeshwa na mfumo ule ule wa simu, mara nyingi Android, ila kioo chake ni kikubwa zaidi, kwa kawaida kati ya inchi 7 na 11. Ya bei ya chini, katika makala haya, ni ile inayouzwa mpya kwa chini ya shilingi 25,000. Huko ndiko kwenye utitiri wa majina ambayo hujawahi kuyasikia, pamoja na matoleo madogo ya kampuni zinazojulikana.

Sasa jiulize unataka kukimbia nini. Watu wanaolalamikia simu zao huwa na moja kati ya kero mbili. Ya kwanza ni udogo: maandishi hayasomeki bila kuvutwa kwa vidole, karatasi ya mtihani wa zamani ya mtoto inabidi isukumwe kushoto na kulia, ndugu watatu wanabanana kwenye kioo kimoja kutazama katuni. Ya pili ni uzito: WhatsApp inachelewa kufunguka, herufi zinatokea baada ya kidole kuondoka, simu inaganda ukipokea picha huku ramani imefunguliwa.

Tableti ya bei ya chini hutibu udogo. Uzito haitibu, na mara nyingi huuongeza. Hilo ndilo jambo ambalo tangazo halitakwambia, na sababu yake ni hesabu ya kiwandani tu. Chukua simu ya shilingi 15,000 na tableti ya shilingi 15,000. Tableti ina kioo chenye eneo mara tatu, betri kubwa na ganda kubwa. Pesa zilizonunua vitu hivyo zimetoka mahali, na mahali penyewe ni sehemu usizoziona: prosesa, RAM na aina ya hifadhi. Kwa hiyo aliye na simu nzuri ya miaka miwili iliyopita akanunua tableti ya bei hiyo kwa matumaini ya kasi, atakuwa amelipa ili arudi nyuma.

Kioo

Inchi za kioo hupimwa kwa ulalo, kutoka pembe hadi pembe, na ndiyo maana zinadanganya jicho. Kutoka inchi 6.5 za simu hadi inchi 7 za tableti ndogo unaona tofauti ya nusu inchi, lakini simu za siku hizi ni ndefu na nyembamba, kwa hiyo video ya kawaida inaacha weusi pande mbili. Ukipima eneo la video yenyewe, tableti ya inchi 7 inakupa kama mara moja na nusu ya simu, na ya inchi 10 inakupa kama mara tatu. Anayenunua inchi 7 kwa sababu ya macho huwa amenunua nusu ya dawa.

Halafu kuna wingi wa nukta zinazochora picha, na hapa matangazo hunyamaza. Kioo cha inchi 10 chenye nukta 1024 kwa 600 kina nukta 117 hivi katika kila inchi. Chenye 1280 kwa 800 kina 149 hivi. Chenye 1920 kwa 1200 kina 224. Simu ya kawaida ya bei ya chini yenye nukta 720 kwa 1600 ina 270, kwa hiyo hata tableti nzuri ya kundi hili inachora kwa ukungu kidogo kuliko simu uliyoizoea. Kwa katuni hutaona. Kwa maandishi utaona.

Niliwahi kumsindikiza jirani yangu, ustadh mstaafu wa Mji wa Kale, alipokwenda barabara ya Digo kutafuta tableti ya kusomea. Kijana wa duka alimpokea kwa heshima zake. "Mzee wangu, hii ndiyo moto, GB 12." Ustadh hakuuliza GB ni nini. Alisema, "Mwanangu, niwashie, unifungulie msahafu." Ukafunguliwa. Alisogeza kioo mbali, akakileta karibu, akaweka kidole juu ya neno moja. Herufi zilikuwa kubwa na nyeusi, lakini alama zake ndogo za matamshi, fatha na kasra na shada, zilikuwa zimegandana kuwa vidoa. Akaomba nyingine iliyokuwa ghali kwa elfu chache, yenye nukta 1920 kwa 1200. Ukurasa ule ule, neno lile lile. Safari hii alisoma kwa sauti pale pale kaunta, na mteja aliyekuwa nyuma yetu akaacha kuzungumza na simu yake.

Hakuna kipimo cha dukani kinachoshinda hicho. Fungua kile unachokwenda kukisoma, kiwe msahafu, karatasi ya hesabu au gazeti, usitazame ile video ya maua na samaki waliyoiweka wao. Na ukitaka idadi ya nukta, neno HD peke yake kwenye boksi halitoshi, kwa sababu wauzaji huligawa bure. Itafute namba yenyewe.

Ndani ya ganda

RAM, hifadhi na prosesa huchanganywa mno, na wauzaji wanapenda zichanganywe. Mfikirie mama anayeuza viazi karai pale Mwembe Tayari. Meza yake ndiyo RAM: kila kinachotumika sasa hivi kiko juu yake, unga wa kuchovya, sinia, bakuli la chatne ya ukwaju. Stoo iliyo nyuma ndiyo hifadhi: magunia ya viazi, mafuta, vitu ambavyo havitumiki dakika hii. Mikono yake ndiyo prosesa. Meza ikiwa ndogo, kila mara atarudisha kitu stoo ili aweke kingine, na wateja watangoja. Stoo ikijaa hadi mlangoni, hata kufikia kiazi kimoja ni kazi. Mikono ikiwa dhaifu, meza iwe pana na stoo iwe kubwa, viazi havitoki.

Turudi kwenye "12GB" ya tangazo. Ukiligeuza boksi mara nyingi utakuta kwa maandishi madogo: 4GB + 8GB. Zile 4 ni RAM ya kweli, ni meza. Zile 8 ni sehemu ya hifadhi iliyotengwa ili vitu vya mezani visukumwe huko vinapozidi. Mama ameandika "meza" kwa chaki juu ya sakafu ya stoo. Si uongo mtupu, kwa kuwa programu ulizoziacha nyuma zinaweza kubaki wazi muda mrefu zaidi. Lakini hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, kwa hiyo tableti ya 4+8 ni tableti ya 4. Ukikuta 2+4 au 3+5, hesabu namba ya kwanza na usahau ya pili. Kwa matumizi ya leo, 4 ya kweli ndiyo kima cha chini ambacho mimi ningelipia. Chini ya hapo utanunua kero.

Hifadhi nayo ina mlango. Tableti nyingi za bei hii hutumia aina iitwayo eMMC, ambayo mlango wake ni mwembamba. Simu nyingi za bei ya kati zimehamia aina ya UFS, yenye mlango mpana. Ndiyo maana tableti mpya kabisa inaweza kuchukua muda mrefu kusakinisha programu ambayo simu yako ya zamani iliisakinisha haraka. Kuhusu ukubwa wa stoo, mfumo wenyewe hula zaidi ya GB 10 kabla hujaweka kitu, kwa hiyo tableti ya GB 32 hujaa mapema. Memori kadi itasaidia kwa video, picha na vitabu, ila programu nyingi hubaki kwenye hifadhi ya ndani, kwa hiyo haitaponya uzito.

Prosesa ndiyo sehemu inayofichwa zaidi, chini ya neno "octa-core", yaani viini vinane. Inasikika kama nguvu. Lakini watoto wanane wa kumenya viazi si sawa na watu wazima wawili na watoto sita. Samsung wametoa mfano mzuri bila kukusudia. Galaxy Tab A7 Lite ya 2021 na Galaxy Tab A9 ya 2023 zote zina kioo cha inchi 8.7, nukta 1340 kwa 800, na zote ni viini vinane. Ya kwanza ina viini vinane vyote vidogo, aina ya Cortex-A53. Ya pili ina viwili vikubwa vya Cortex-A76 na sita vidogo. Ukizilaza mezani zimezimwa ni ndugu. Ukizishika zimewashwa, moja inakungojesha. Kwa hiyo usiulize viini ni vingapi, uliza jina la prosesa, kisha lipekue kwenye simu yako ukiwa pale pale dukani. Likija na viini vya A53 au A55 pekee, hiyo ni ya kusomea na kutazama. Likija na A75 au A76 viwili, kama zilivyo Unisoc T606, T618 au Helio G99, hapo unaweza kuzungumza juu ya kazi nyingine.

Muuzaji akikosa kulijua jina hilo, na boksi likanyamaza, hiyo pia ni habari.

Zile ambazo si tableti nafuu bali ni udanganyifu

Kuna mstari kati ya kifaa dhaifu kinachojisema kweli na kifaa kinachodanganya, na tangazo la 8,500 kwa kawaida liko upande wa pili. GB 512 za hifadhi kwa bei hiyo hazipatikani. Kinachofanyika ni kuhariri mfumo ili ukurasa wa mipangilio uonyeshe namba yoyote anayoitaka muuzaji, kuanzia hifadhi na RAM hadi toleo la Android. Unasoma Android 14, ndani mna toleo la miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo kumwambia muuzaji "nionyeshe kwenye mipangilio" hakutoshi.

Kinachotosha zaidi ni hatua mbili. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, nenda kwenye mipangilio kisha sehemu ya "Kuhusu". Hapo pameandikwa kama kifaa kimeidhinishwa na Google au la. Ambacho hakijaidhinishwa kiache, hata kikiwa na sura nzuri, maana programu za benki huweza kukikataa siku yoyote. Pili, sakinisha programu ya bure ya kusoma vifaa vya ndani, kwa mfano CPU-Z au AIDA64. Husoma jina la prosesa na mambo mengi ambayo mhariri wa mfumo alisahau kuyabadilisha. Duka linalokataa usisakinishe chochote kabla ya kulipa limeshajibu swali lako.

Wapo wanaosema, "Ni ya mtoto tu, hata ikiwa feki haidhuru." Hapa nakataa. Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa mitandao ya Human Security ilieleza mtandao ilioupa jina BADBOX: visanduku vya televisheni na tableti za Android za majina yasiyojulikana zilizowafikia wanunuzi zikiwa tayari zimetiwa programu hasidi. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kuhusu kizazi cha pili cha mtandao huo. Programu hiyo inakaa ndani ya mfumo wenyewe, hivyo kufuta kila kitu na kuanza upya hakuiondoi. Inaweza kutumia waifai ya nyumbani kwako kwa shughuli za matapeli, huku wewe ukilaumu mtoa huduma wa mtaani kwa kasi ndogo. Tableti ya mtoto iko kwenye mtandao ule ule wa simu yako yenye M-Pesa.

Laini, M-Pesa na namba ya kifaa

Swali la "inaingia laini?" lina majibu matatu. Kuna tableti zisizo na tundu la laini kabisa, za waifai pekee. Kwa nyumba yenye waifai hizo ndizo zenye thamani bora, kwani kwa pesa ile ile unapata kioo au RAM nzuri zaidi, na ukitoka unaweza kuigawia data kutoka kwenye simu. Kuna zenye tundu lakini kwa data peke yake, hazipigi simu. Na kuna zinazopiga simu kamili. Anayepanga kuweka laini yake kuu humo na kuacha simu ajaribu kwanza dukani kama menyu ya M-Pesa inafunguka, kwa kuwa si zote zinazoionyesha. Kuhusu WhatsApp, huhitaji laini ya pili: akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu, tableti ikiwemo.

Tableti yenye laini ina namba ya IMEI, yaani namba ya kukitambulisha kifaa, kama simu. Mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya ilizima simu bandia, na Januari 2025 sheria ilikazwa tena: vifaa vya mawasiliano vilivyoingizwa nchini kuanzia Novemba 2024 vilitakiwa IMEI zake ziwe zimetambuliwa kwa ajili ya kodi, ingawa mwaka huo huo Mahakama Kuu ililibatilisha agizo hilo. Vilivyokuwa vikitumika kabla ya hapo havikuguswa. Hata hivyo, kifaa kipya kutoka kwa "rafiki aliyekuja na mzigo kutoka Dubai" kina swali ambalo cha dukani chenye risiti hakina. Piga *#06# au tazama kwenye mipangilio, linganisha namba hiyo na ya kwenye boksi, na isomeke kwenye risiti. Za waifai pekee hazina IMEI, nazo hazihusiki.

Imani nyingine za kuondoa

"Betri 10,000 inakaa siku mbili." Kioo cha mara tatu kinakula mara kadhaa, kwa hiyo namba ya betri ya tableti hailinganishwi na ya simu. Jambo lisiloulizwa ni chaja. Betri ya kweli ya 8,000 kwa chaja ya wati 10 inachukua saa nne hivi kujaa. Na joto letu si rafiki wa betri za lithiamu: Apple, kwa mfano, wanashauri vifaa vyao vitumiwe mahali penye nyuzi 0 hadi 35, kiwango ambacho Mombasa ya Machi inakikaribia kivulini. Tableti inayochajiwa chini ya mto wa kitanda, Majengo, saa nane mchana, inajiua polepole.

"Ina kioo cha Full HD, kwa hiyo Netflix itakuwa safi." Si lazima. Huduma za filamu za kulipia hutazama kiwango cha ulinzi ndani ya kifaa, kinachoitwa Widevine. Chenye kiwango cha L1 kinaruhusiwa picha ya HD. Chenye L3, ambacho ndicho cha tableti nyingi zisizo na jina, hupewa picha ya kawaida tu hata kioo kiwe kizuri vipi. YouTube haina sharti hilo kwa video zake za kawaida. Kama nyumbani mnatazama YouTube na katuni zilizopakuliwa, pita, usijali. Kama mnalipia filamu, uliza L1.

Kioo kikubwa pia kinakula data, si kwa ukubwa wake bali kwa sababu picha hafifu inaonekana hafifu zaidi juu yake na mtu anapandisha ubora. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida hula hadi GB 1 kwa saa, na HD hadi GB 3. Anayenunua bando kwa siku ajue.

"Shule sasa ni lazima tableti." Mzizi wa fununu hii unajulikana. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma, na sensa ya Agosti 2019 ikafanywa kwa vishikwambi, hivyo kifaa hicho kimeshika sura ya kitu rasmi. Lakini agizo la shule ya mwanao litatoka kwa shule ya mwanao. Muulize mwalimu wa darasa, sio grupu. Kama ni kusoma karatasi za mitihani na kutazama masomo, tableti ya kioo kizuri inafaa kweli, na ni afadhali kuliko kumpa mtoto simu yako jioni yenye ujumbe wa watu wazima.

Kama kazi ni kuandika, hadithi inabadilika. Kibodi ndogo ya bure inayokuja na boksi ni pambo. Anayeandika ripoti, barua za kazi au insha ndefu, na anayejaza marejesho ya kodi kwa ile fomu ya Excel yenye makro ambayo Android haiendeshi, atafute laptopu iliyotumika. Kwa shilingi 20,000 na kitu, laptopu ya mkono wa pili iliyokaguliwa na fundi unayemjua itamfaa kuliko tableti mpya. Sijui kwa nini watu wanaona aibu kununua laptopu ya zamani lakini hawaoni aibu kununua tableti mpya isiyofanya kazi.

Na iPad za mkono wa pili? Zinajaa madukani, na vioo vyake vinang'ara kuliko chochote kipya cha bei hiyo. Tatizo ni umri. iPad Air 2 ya 2014 iliachwa kwenye iPadOS 15. Kizazi cha sita cha iPad ya kawaida, cha 2018, kilikomea iPadOS 17. Zinaendelea kufanya kazi, ila programu moja moja zinaanza kuzikataa. Ukikuta ya 2019 au baadaye kwa bei yako, mimi ningeichukua mbele ya tableti mpya isiyo na jina, kwa sharti moja: muuzaji aitoe kwenye akaunti ya mwenye zamani, aifute mbele yako, iwake upya bila kuuliza nywila ya mtu. Ikiuliza, imefungwa na Apple, na hakuna fundi wa Mombasa atakayeifungua kihalali.

Nani basi anunue?

Ustadh wangu alinunua, na ananufaika. Nyumba yenye simu nzuri mbili na watoto watatu itanufaika na tableti ya waifai ya inchi 10 iwe ya kazi hiyo tu, kwa sababu simu za wazazi zitapumzika. Mfanyabiashara wa Biashara Street anayeonyesha wateja picha za vitambaa atauza vizuri kwa kioo kikubwa kuliko kwa simu. Wote hawa kero yao ni udogo.

Asiyepaswa kununua ni dereva wa tuktuk ambaye simu yake inaganda akiwa na ramani na maombi ya abiria kwa pamoja. Huyo afute video za magrupu, aangalie kama hifadhi imejaa, abadilishe betri kama imechoka, na zikishindikana anunue simu yenye RAM ya kweli ya 6 au 8. Pia asinunue anayetaka kucheza michezo mizito, wala anayetaka kamera. Kamera za tableti hizi ni za kuonyesha uso kwenye simu ya video, basi.

Likibaki suala la malipo, liangalie kwa kalamu. Mipango ya kulipa kidogo kidogo imeenea, na kwa wengi ndiyo njia pekee. Tuseme umeambiwa utangulize shilingi 3,000 kisha 60 kila siku kwa mwaka. Hizo 60 zinafika 21,900, ukijumlisha ya kutanguliza ni 24,900. Kama tableti ile ile inauzwa taslimu kwa 16,000, unalipa karibu 9,000 kwa ajili ya kungojewa. Labda inafaa, labda haifai, ila ijue kabla. Na uliza nini hutokea siku usipolipa: vifaa vingi vya mkopo hufungwa kwa mbali hadi deni lilipwe, na mtoto mwenye mtihani kesho yake hataelewa habari za deni. Ongeza kava, kinga ya kioo na memori kadi ya kweli, kwa kuwa mara nyingi havimo kwenye bei uliyotajiwa, kisha mwambie muuzaji akuandikie jumla yote kwenye karatasi moja pamoja na jina la prosesa na muda wa dhamana. Akisema karatasi si lazima, barabara ya Digo ina maduka mengine.